Mwongozo kamili: kuhamisha ofisi ya serikali toka Dar kuja Tanga bila kupoteza watu wala majalada

Barua ikishashuka kwamba ofisi inahama kuja Tanga, watu huuliza mawili tu, malori mangapi na posho lini. Mimi nimekaa masijala, chumba cha kutunza majalada na barua za ofisi, zaidi ya miaka ishirini, nikahama na ofisi toka Dar, nikastaafu nikabaki hapahapa Makorora, na vijana wanaoteuliwa kuratibu uhamisho wa namna hii wananipigia simu waanzie wapi, ndo maana nimekaa nimeandika yote sehemu moja. Kwao huwa nina swali moja. Mama akitoka Lushoto alfajiri na shida yake, akafika Tanga saa nne, hiyo shida itaishia hapo Tanga au ataambiwa subiri tutume Dar? Kama ataambiwa subiri basi hamjahama bado, hata kama bango limeshapigwa rangi na mgeni rasmi ameshakata utepe. Kila hatua ninayoeleza hapa ipime kwa huyo mama.

Nimeandika kwa kuifikiria Tanga kwa sababu ndio ninayoijua, ila wa Mtwara, Kigoma au Bagamoyo atachukua yanayomfaa.

Hatua ya kwanza: jua kwa nini mnahama

Wengi wanairuka hii, wanaona agizo limeshatoka juu sasa la kuuliza nini tena. Uliza, maana jibu ndilo litakalokwambia nini kihame na nini kibaki. Ofisi inafuata kazi yake ilipo. Bodi ya Mkonge makao makuu yapo Tanga na hakuna anayeshangaa, mkonge wenyewe uko huku, kituo cha utafiti kipo Mlingano wilayani Muheza, wakulima wapo Korogwe, afisa akitaka kuona shamba anatoka asubuhi na jioni yupo mezani kwake anaandika ripoti. Bandari ipo, na bomba la mafuta ghafi toka Hoima Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani hapo pembeni ya mji. Ofisi ya mambo ya bahari au mizigo au mazingira ya pwani ina sababu ya kukaa Tanga. Ofisi ambayo kazi yake yote ni kuandaa majibu ya Bunge haina sababu hiyo, itakuwa inaishi barabarani.

Ndugu zetu wa Bagamoyo wanaujua upande wa pili wa jambo hili. Wajerumani walianza na makao makuu yao pale, afu mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam kwa sababu maji ya Bagamoyo ni mafupi, majahazi yanasogea lakini meli kubwa inabaki mbali, na Dar bandari ina kina. Mji uliokuwa unapokea misafara toka Ujiji ukapoa. Na huku kwetu juu milimani Amani, Mjerumani alijenga kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, baadaye Mwingereza akaihamishia kazi hiyo ya kilimo Muguga, Kenya, majengo yakabaki mpaka watafiti wa malaria walipoyaingia. Ofisi ikikaa mbali na kazi yake, itakuja siku kazi itaiita.

Kwa vitendo fanya hivi: chukua rejista ya barua zinazoingia ya mwaka mzima uliopita, kaa na kijana mmoja wa masijala wiki mbili, mhesabu barua zimetoka wapi. Ngapi wizarani, ngapi halmashauri za Tanga, ngapi kwa wananchi wa kawaida, ngapi Dar kwenyewe. Hiyo hesabu ndio itakayokwambia ni dawati gani libaki Dar na watu wawili, na dawati gani lihame lote mpaka kiti. Usikubali kuamua kwa kukisia kikaoni wakati rejista ipo kabatini.

Hatua ya pili: saini ihame kabla ya viti

Hapa ndipo uhamisho mwingi unapofia na hakuna anayeuona msiba. Andika kila uamuzi ambao ofisi yenu inatoa, kila mmoja bila kudharau: kibali, leseni, malipo, rufaa, likizo, idhini ya safari, kubadilisha jina kwenye kumbukumbu, chochote. Mbele ya kila mmoja andika nani anasaini leo, na baada ya kuhama huyo mtu atakuwa amekaa mji gani. Ukikuta nusu ya saini zinabaki Dar, mtakachopeleka Tanga ni sanduku la posta, mwananchi atatumbukiza barua Tanga na nyinyi mtazisafirisha.

Dawa ni mbili. Ama bosi mwenyewe ahame, ama akasimu madaraka kwa maandishi, kwa cheo na sio kwa jina la mtu, afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za ofisi, aridhie, na nakala iende kwa mhasibu, kwa wanasheria na kwa mkaguzi wa ndani. Maneno ya mdomo ya kwamba "we saini tu nitakutetea" usiyapokee, ukaguzi ukija atakayekutetea hayupo. Na kama bosi anabaki Dar "kwa muda", huo muda uandikiwe tarehe ya mwisho. Nimeona "kwa muda" iliyodumu mpaka mhusika akastaafu.

Angalia Dodoma. Uamuzi wa kuhamia ulipitishwa 1973, chombo cha kuujenga mji kikaundwa mwaka huohuo, na miaka 43 baadaye wizara nyingi bado zilikuwa Dar. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali inahamia, Septemba hiyohiyo Waziri Mkuu Majaliwa akahamia, mwisho wa 2017 Makamu wa Rais, 2019 Rais mwenyewe, na sheria ya kuutangaza kuwa makao makuu ikatungwa 2018. Majengo yalikuwa yanaongezeka Dodoma miaka yote hiyo ila mwendo uliobadilisha mambo ulikuja pale wenye saini za mwisho walipofungasha, kwa sababu anayetaka saini atamfuata mwenye saini popote alipo. Wazee wenzangu mtakumbuka pia Madaraka Mikoani ya 1972, wakubwa wengi wa wizara walipangiwa mikoani, lakini halmashauri zikavunjwa, mpaka zikarudishwa kwa sheria za 1982. Kwa hiyo unapohamisha ofisi jiulize pia na halmashauri iliyopo pale mtaifanyaje, mtaiuliza au mtaipita juu. Mkurugenzi wa Jiji la Tanga apewe taarifa mapema, ardhi, leseni, taka, maegesho yote yako kwake.

Hatua ya tatu: watu, mmoja mmoja

Hii ndio hatua ndefu kuliko zote na haina njia ya mkato.

Marekani mwaka 2019 walitangaza kuhamisha makao makuu ya idara inayosimamia ardhi ya umma toka Washington kwenda Grand Junction, mji mdogo wa Colorado, na nafasi nyingine wakazitawanya kwenye majimbo mengine ya magharibi. Nafasi zilizopangwa kuhama zilikuwa 328. Watu 287 wakastaafu au wakatafuta kazi kwingine, 41 ndo waliokubali kuhama, na waliofika Grand Junction kwenyewe ni watatu. Watatu! Mwaka 2021 makao makuu yakarudishwa Washington. Ireland nao mwaka 2003 walitangaza siku ya bajeti kwamba watahamisha nafasi zaidi ya 10,000 kutoka Dublin kwenda miji zaidi ya 50, watumishi wakasikia habari hiyo siku moja na wananchi wote, na 2011 mpango ukafutwa ukiwa haujafika hata nusu. Jengo na hela peke yake havitoshi. Kilichokosekana ni mtu kwenda mezani kwa mtumishi kumuuliza wewe utaweza?

Basi kabla ya tangazo lolote la ukutani, zungumza na kila mtu peke yake. Afisa utumishi na mkuu wa kitengo wakae naye nusu saa, mlango umefungwa. Ulizeni mwenza wake anafanya kazi wapi, watoto wapo madarasa gani, kuna mzazi anauguzwa nyumbani, ana kliniki ya kudumu Muhimbili au Ocean Road, amechukua mkopo wa nyumba, amebakiza miaka mingapi. Asibezwe mtu kwa jibu lake. Mama anayemuuguza mama yake Temeke hawezi kuhamia Tanga kwa sababu tu wewe umechora mpango mzuri. Baada ya hapo mtapata makundi yenu: wanaohama kwa moyo, wanaohama wakisaidiwa kitu fulani, na wasioweza. Wasioweza watafutiwe nafasi taasisi nyingine za Dar mapema, LAKINI kabla hawajaondoka wafundishe. Mwenye ujuzi akae meza moja na mrithi wake miezi mitatu, aandike kazi yake kwa mkono wake, hatua kwa hatua, pamoja na vile vitu ambavyo havipo kwenye mwongozo wowote, mfano nani anapigiwa simu mfumo ukigoma. Ukimwachia aondoke kwa hasira siku ya Ijumaa umepoteza kitu ambacho huwezi kukiagiza dukani.

Mwenza akiwa naye mtumishi wa umma, maombi yake ya kumfuata mwenza yaende pamoja na ya mwenzie, cheti cha ndoa kimeambatishwa, na mratibu mwenyewe ayafuatilie mpaka yatoke. Usimwambie "wewe tangulia, mama watoto atakuja". Wangapi wametangulia hivo na mama watoto hajaja mpaka leo.

Sasa barua ya uhamisho. Isome kwa makini kila mtu yake. Anayehamishwa na mwajiri ana stahili zake kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma, nauli yeye na familia, kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu siku za mwanzo, posho ya usumbufu. Anayehama kwa ombi lake mwenyewe anajigharamia. Kwa hiyo barua ikiandikwa kimakosa kwamba "kufuatia maombi yako" mtumishi amepoteza haki zake kwa maneno matatu, na kuirekebisha baadaye ni kazi ya miezi. Vilevile afisa utumishi ahakikishe taarifa zinabadilishwa kwenye mfumo wa mishahara mapema, kituo kipya, fungu jipya kama linabadilika, isije mtu akafika ugenini na mshahara umekwama. Mhasibu aseme hela ya stahili ipo au haipo, na kama haipo tarehe isogezwe mbele. Kuhamisha watu kwa ahadi ya kulipwa "malimbikizo" ni kuwaombea wakope kwa watu wa riba Tanga kabla hata hawajawajua majirani. TUGHE, chama cha wafanyakazi, na baraza la wafanyakazi waitwe kikao cha kwanza kabisa, wasisubiri kuitwa kuzima moto.

Na wenyeji waambiwe ukweli. Mji ukisikia ofisi inakuja kila mzazi wa Ngamiani anamfikiria kijana wake. Ajira za kudumu zinatangazwa nchi nzima kupitia Sekretarieti ya Ajira, anayeomba ni yeyote. Kinachobaki mjini ni nyumba zilizopangwa, mama lishe wa getini, duka la fotokopi, fundi AC, bajaji, dobi, mkataba wa usafi na ulinzi. Hivyo sio vidogo, ila viseme kwa majina yake. Wafanyabiashara wa Tanga waelekezwe mapema kujisajili kwenye mfumo wa manunuzi wa serikali, NeST, vinginevyo hata tenda ya chai itakwenda kwa mtu wa Kariakoo.

Hatua ya nne: kalenda

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, mwaka wa shule Januari. Ukihamisha Julai kwa sababu hela imetoka, umemng'oa mtoto katikati ya mwaka, na wa darasa la saba anasubiri mtihani Septemba, wa kidato cha nne Novemba. Masika, Machi mpaka Mei, sahau malori ya majalada.

Mpangilio ninaoupenda mimi ni huu: bajeti iingizwe mwaka unaotangulia, Julai mpaka Novemba jengo, mtandao na mashelfu yakamilike, timu ndogo ya utangulizi iingie Oktoba, familia zihame Desemba shule zikifungwa, na ofisi ifungue milango Januari. Vuli inaweza kuwa haijaisha Desemba kwa hiyo turubai liwepo hata siku ya jua kali. Mwenye mtoto wa darasa la mtihani mwaka unaofuata, mpeni nafasi ya kuchagua.

Hatua ya tano: jengo na nyumba za kuishi

Jengo, anza na Wakala wa Majengo na ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, ulizia majengo ya serikali yaliyo wazi kabla ya kukimbilia kupanga kwa mtu binafsi. Nenda ukalione mvua ikinyesha. Angalia ngazi, mzee mwenye fimbo atafikaje ghorofa ya pili? Choo cha wageni kipo? Daladala inapita? Stendi kuu ni Kange, nje ya mji kidogo, na wageni wengi wa wilayani watashukia huko, kwa hiyo ofisi ikiwa Raskazone pembeni ya bahari upepo ni mzuri kweli lakini mwananchi ameongezewa nauli nyingine.

Nyumba za watumishi ni shughuli. Watu hamsini wakiingia mjini mwezi mmoja madalali wanajua kabla hata nyinyi hamjajua, na kodi inapanda. Timu ya utangulizi ipite mapema kwa wenyeviti wa mitaa, Chumbageni, Nguvumali, Majani Mapana, Sahare, Mikanjuni, Donge, Kange kwenyewe, iandike nyumba zilizopo, vyumba, kodi, mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita au mwaka. Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja, hilo zoea tu, ila ukipita kwa mwenyekiti wa mtaa unaweza kulikwepa. Kabla ya kusaini uliza deni la maji Tanga UWASA, jaribu LUKU kwa kununua umeme kidogo uone kama kuna deni linakatwa, fungua bomba saa moja jioni sio saa nne asubuhi, na maeneo ya mabondeni muulize jirani masika maji yanafika wapi. Vyuma vinaliwa na chumvi huku pwani, geti lililopakwa rangi jana lisikudanganye.

Shule na hospitali toeni orodha moja tu ya karatasi mbili, na Bombo ndio hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwenye kliniki ya kudumu atoke Dar na barua ya rufaa yenye historia yake yote, asianze upya kujieleza.

Hatua ya sita: masijala

Nitakaa kidogo hapa, mnisamehe, ndio kazi yangu na ndipo nilipoumia.

Tulipohama sisi, majalada yalifungwa siku mbili za mwisho na vijana wa kubeba mizigo, kwenye viroba na maboksi ya karatasi za fotokopi, na rejista yenyewe ikabaki Dar kwa sababu mwenye kuijua alikuwa hajakubali kuhama. Tanga tukapokea rundo. Wiki ya pili akaja mama mmoja mtu mzima ametoka Lushoto, anafuatilia mafao ya marehemu mumewe. Nikamsalimu shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akakaa, nikatafuta mpaka saa tisa sijaona, nikamwambia jalada litakuwa Dar. Akaenda Dar kwa nauli yake. Dar wakamwambia yote yamepelekwa Tanga. Akarudi. Aliposimama mlangoni mara ya pili hakugomba, alisema tu, "Mwanangu, mimi sasa nimekuja na chakula changu, nitakaa hapa mpaka ulione." Tuliliona siku ya pili yake, lilikuwa boksi la chini kabisa limelowa upande mmoja, na karatasi aliyokuwa anaihitaji wino umesambaa. Ikabidi aanze kutafuta nakala upya kwa mwajiri wa zamani wa mumewe. Nauli zile hakuna aliyemrudishia. Ofisi yangu ndiyo iliyomkosea, na mimi nilikuwa ndani yake.

Kwa hiyo fuata hivi bila kuruka.

Miezi minne kabla, tangaza siku ya kurudisha majalada. Utashangaa, nusu ya majalada hayapo masijala, yapo kwenye droo za watu, nyumbani, kwenye buti la gari, mengine kwa mwanasheria aliyeshahama kazi. Kila jalada lisainiwe linaporudi. Afu yagawe matatu: yanayofanyiwa kazi sasa, yaliyotulia ambayo hutumika mara chache, na yaliyokwisha muda. Yaliyotulia usiyapakie kuja Tanga, wasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, wana kituo Dodoma cha kutunza kumbukumbu tuli. Na yaliyokwisha muda usichome hata moja kwa uamuzi wako, ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, kuteketeza kunahitaji kibali. Ukishachambua hivo mzigo wa kuja huku unapungua sana, hela ya malori inapungua nao.

Mashelfu ya Tanga yawe ya kwanza kukamilika. Yapewe namba yakiwa bado matupu, ndo sasa Dar boksi lipewe namba ya shelfu linalokwenda. Boksi likishuka kwenye lori halina maswali, 4B inakwenda 4B. Maboksi yawe magumu, sio viroba. Hesabu folio, yaani karatasi zenye namba ndani ya jalada, za jalada linalofanyiwa kazi kabla ya kulifunga na uandike idadi juu ya jalada kwa penseli. Orodha ziwe nakala tatu: moja kwa msindikizaji, moja abaki nayo mkuu wa masijala Dar, moja itangulie Tanga kwa basi au itumwe ikiwa imeskaniwa, na hakuna orodha inayowekwa ndani ya boksi peke yake. Rejista isafiri mkononi mwa mtu. Rejista ni kama ufunguo, haupakiwi kwenye mzigo.

Lori liwe na bodi la kufungwa, sio la wazi na turubai la kuazima, na liondoke alfajiri ili lifike kabla ya giza. Dar mpaka Tanga kwa Chalinze na Segera ni kama kilomita 350, lori lenye mzigo linakula siku nzima. Msindikizaji akae mbele na dereva, hakuna kulala njiani. Majalada ya siri yanasafiri na gari jingine na afisa wake na ufunguo wake, hayo sihitaji kueleza zaidi.

Mapokezi: hesabu mlangoni, boksi kwa boksi, kabla ya kusaini. Mashelfu yakae mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, na yanyanyuke toka sakafuni, Tanga ina unyevu wa bahari na mchwa hawana likizo. Madirisha yafunguliwe mchana. Halafu kabla ya kufungua ofisi kwa wananchi, chagua majina kumi ovyoovyo kwenye rejista na mwambie kijana wa masijala akuletee majalada yake, kila moja ndani ya dakika tano. Akikosa hata moja, usifungue. Nasema usifungue, ahirisha hata kama mgeni rasmi ameshaalikwa.

Hatua ya saba: mtandao, umeme, mihuri

Watu wa TEHAMA watakuambia kila kitu sahivi kipo kwenye mfumo, majalada ya nini. Sawa, e-Ofisi, mfumo wa serikali wa majalada ya kwenye kompyuta, inasaidia sana, ofisi iliyokwisha kuingiza kazi zake humo inahama kwa urahisi kuliko sisi tulivyohama. Lakini mfumo bila intaneti ni kioo tu. Ombeni muunganisho kwenye mtandao wa serikali miezi mitatu kabla, muujaribu watu wote wakiwa wameingia kwa pamoja saa nne asubuhi. Jenereta lijaribiwe likiwa na mzigo kamili. Mihuri yenye anuani ya zamani ikusanywe na ihesabiwe siku ya kufunga Dar, mpya itoke siku hiyohiyo.

Hatua ya nane: habari ya Ijumaa

Tanga ina msemo wake kila mtu anaujua, waja leo waondoka leo. Kwa mgeni ni utani wa kumkaribisha ila kwa ofisi iliyohama ni ugonjwa. Dalili yake unaiona Ijumaa saa sita mchana, mabegi yapo chini ya meza, watu wanawahi basi la Dar, na Jumatatu wanaingia saa tano macho mekundu. Mwananchi wa Pangani akija Ijumaa mchana hakuti mtu. Ofisi inakuwa na siku nne tu.

Kufoka hakusaidii, mtu anaifuata familia yake na ana haki. Ndo maana nilikazana kule juu kwa mwenza na shule. Ongezea na haya: vikao vya wizarani vya kuanzia Jumatatu asubuhi vipigwe kwa video badala ya safari, safari za Dodoma zipangwe kwa zamu na zikusanywe pamoja, na anayelazimika kwenda siku hizi anaweza kushuka Chalinze akaunga Morogoro na kupanda treni ya SGR ya Dodoma. Wenyeji nao wana kazi yao, wapokeeni hawa watu. Mualike mwenzako harusini, msibani, kwenye samaki wa soko la Deep Sea, mwanae acheze na wanao. Mtumishi aliyezikiwa mzazi wake na majirani wa Makorora huyo hahitaji waraka wa kumbakisha Tanga.

Hatua ya tisa: miezi sita ya kwanza

Weka daftari la malalamiko la karatasi, pale mapokezi, lenye kalamu iliyofungwa kamba. Kila Ijumaa mchana mkuu wa ofisi alisome mwenyewe na ajibu kwa mkono. Na kila mwezi hesabu kitu kimoja: mashauri mangapi yameanzia Tanga na kumalizikia Tanga, na mangapi yalitumwa Dar kwa saini. Hayo ya pili yaandikwe yametumwa kwa nani na kwa nini, ipelekwe kwa aliyebaki na hiyo saini. Baada ya miezi mitatu namba haijashuka, rudi hatua ya pili uanze upya na orodha ya saini, usianze kulaumu vijana wa masijala.

Hatua ya kumi: kufunga Dar

Jengo la zamani likabidhiwe kwa maandishi, vyumba vimefagiliwa, kabati limefunguliwa moja moja na mikono miwili, nyuma ya droo huwa kuna barua. Namba ya simu ya zamani isikatwe mwaka mzima, ielekezwe Tanga. Mtu mmoja abaki mapokezi pale Dar miezi sita, mwenye simu na orodha ya majalada yote, ili anayefika aambiwe jalada lako lipo Tanga shelfu namba fulani na nimeshaongea nao wanakusubiri. Na mlangoni bandikeni tangazo la herufi kubwa, mahali ofisi ilipo, alama ya karibu, daladala ya kupanda toka Kange, namba ya simu inayopokelewa. Lifunikwe na plastiki lisilowe na mvua, na yule aliyebaki alipitie kila Jumatatu kuona kama bado linasomeka.